Thagana Kabla ya Mabwawa

Tandaza mezani ramani ya zamani ya nyanda za Mbeere nchini Kenya, ile ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja ya ardhi. Kusini mwa Kiritiri utauona Mto Tana, ambao wenyeji huuita Thagana, ukiteremka katikati ya vilima bila ziwa hata moja.

Ramani za namna hii zilichorwa na Idara ya Upimaji ya Makoloni, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946 chini ya Martin Hotine. Ndege za kijeshi zilipiga picha kutoka angani, wapimaji wakapanda vilele kuhakiki vimo, kisha wachoraji wakaunganisha sehemu za kimo kimoja kwa mistari ya kontua.

Mchungaji hahitaji mistari hiyo. Miguu yake inaujua mteremko. Lakini kwa mhandisi, kontua zilizosongamana mtoni humwonyesha penye bonde jembamba linaloweza kuzibwa, na penye maji yenye nguvu ya kuanguka. Thagana ina mteremko wa kutosha: ziwa la bwawa la Masinga likijaa huwa mita 1,056 hivi juu ya bahari, na la Kiambere, chini zaidi mtoni, mita 700. Katikati ya viwango hivyo mto ulizibwa mara tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Gitaru, yenye megawati 225, ndiyo kubwa kuliko mitambo yote ya umeme wa maji nchini.

Hivyo ramani ile ikawa kumbukumbu ya nchi iliyozama. Vivuko vya kwenda Ukambani, malisho ya kiangazi na mashamba ya kando ya mto sasa vimo chini ya maji. Umeme ulisafiri kwenda Nairobi, huku jikoni mwa Mbeere kuni na makaa yakiendelea kuwaka, na miti ya vilima ikilipa gharama.

Ndiyo maana naamini karatasi hii inafaa ifikishwe kwenye shule za Kiritiri kabla wazee hawajaondoka. Mpimaji aliandika vimo vya vilima, lakini jina la kivuko na la ukoo uliolima pale limo vinywani mwa wazee. Mwanafunzi aketi na babu yake, wayaandike majina hayo kwa penseli juu ya mstari wa mto, palepale maji yalipofunika.