Kengeleni: Mtaa wa Frere Town na Majina Yake

Avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Malindi, hafiki mbali kabla ya kuikuta njia panda ambayo makondakta wa matatu huinadi kwa jina la Kengeleni. Vitabuni mtaa huo ni Frere Town. Majina haya mawili hayasimulii historia moja.

Sir Bartle Frere alifika Unguja mwaka 1873 kumshawishi Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka huo huo. Manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi zikahitaji mahali pa kuwateremsha waliookolewa. Ndipo chama cha misioni cha CMS kilipomleta William Salter Price, aliyewahi kuwasimamia Waafrika waliookolewa kule Nasik, Bara Hindi. Alifika Mombasa mwaka 1874, akapata ardhi Kisauni, ng'ambo ya hori. Waafrika waliolelewa Bara Hindi wakawa wasaidizi na walimu. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walitawazwa mashemasi mwaka 1885.

Waliokuja kwa manowari walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, shambani na kanisani. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika jamii hiyo alitokea James Mbotela, aliyeandika *Uhuru wa Watumwa* (1934) kwa kufuata habari za wazee wake. Kitabu hicho kimelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo, ni vigumu kumlaumu mtoto wa mtu aliyetolewa katika jahazi kwa kuikumbuka manowari.

Lakini huo uhuru ulikuwa na mipaka. Kazi, ndoa na ibada vilikuwa chini ya jicho la misioni, na mwaka 1881 malalamiko juu ya viboko na vifungo yaliwalazimu maofisa wa Kiingereza kufanya uchunguzi. Aliyekuwa huru mbele ya mnunuzi hakuwa huru mbele ya msimamizi. Nao mabwana wa Mombasa walinung'unika kwamba watoro wao walikuwa wakipewa hifadhi misioni, hasa Rabai. Neno hilo lilitulizwa kwa fidia, na vyeti vya uhuru vikatolewa Rabai tarehe 1 Januari 1889.

Kengele yenyewe ilitundikwa katika mnara mdogo. Wazee husimulia kwamba ililizwa kuwaonya wakazi kila walipotokea wawindaji wa watumwa. Chuo cha wachungaji kilichoanzishwa hapo mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930. Mwaka uliofuata daraja la kuelea liliunganisha Nyali na kisiwa, na mwaka 1980 likajengwa la saruji. Mji ukaumeza mtaa. Jina la balozi limebaki katika maandishi, lakini vinywani mwa watu limeshinda lile lililotokana na kengele, likaongezwa *-ni* ya mahali kama Kiswahili kinavyotaka.