Kibali cha kujenga uzio (Tanzania Bara)

Kibali cha kujenga uzio ni idhini ambayo mmiliki wa kiwanja hupewa na halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya kabla ya kuzungushia makazi yake ukuta au fensi ya kudumu. Msingi wake ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, inayokataza kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mpango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Wengi hudhani kibali ni cha nyumba tu, lakini ukuta wa tofali nao ni ujenzi. Ua wa michongoma kwa kawaida hauulizwi na mtu.

Mwombaji huwasilisha michoro, nakala ya hati au barua ya toleo, ramani ya upimaji na risiti za kodi ya pango la ardhi. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Barua ya mwenyekiti wa mtaa humtambulisha mwombaji. Haigeuki kibali hata ikipigwa mhuri.

Kinachochunguzwa hasa ni mahali ukuta utakapopita. Mpaka wa kiwanja kilichopimwa huonyeshwa na bikoni: kipande cha zege chenye chuma katikati na namba juu yake, mara nyingi kimefunikwa na mchanga au majani. Fundi anayechimba msingi kwa kukisia huing'oa na kuitupa pamoja na kifusi, na chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi (Sura 324) kuondoa alama hiyo ni kosa. Aliyepoteza bikoni humwita mpima ardhi azifufue kabla ya tofali la kwanza. Gharama hiyo huonekana kero, ila ni nafuu kuliko kuvunja ukuta uliokwisha pigwa lipu.

Barabara ndiyo huleta maumivu makubwa zaidi. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ndipo kuta zikaanza kuwekwa alama za X: nyekundu kwa aliyeifuata barabara, asiyestahili fidia, na ya kijani kwa aliyefuatwa na barabara, anayestahili. Barabara ya Morogoro ina historia yake: bomoabomoa ya mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya ilifuata hifadhi ya mita 121.5 kila upande. Kwa wanaojenga ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto.

Katika makazi yasiyopimwa, uzio huwahi kabla ya ramani. Urasimishaji unapofika, majirani hutakiwa kumega ardhi ili njia ipatikane, na mwenye ukuta ndiye huwa mgumu kuliko wote.

Mgogoro wa mpaka huanzia baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 husuluhisha tu bila kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Chini ya Sheria ya Ukomo (Sura 89), madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12.