Beaujolais
Beaujolais ni divai, kwa sehemu kubwa nyekundu na nyepesi, itokayo kaskazini mwa mji wa Lyon nchini Ufaransa, nayo hutengenezwa kwa zabibu za aina ya Gamay. Kwa desturi vichala vizima huchachushwa ndani ya matangi yaliyojaa kaboni dioksaidi, hivyo maganda hutoa rangi na harufu ya matunda lakini tanini kidogo, yaani kemikali inayokausha ulimi. Kwa kuwa ubaridi huzidisha ukali wa tanini, divai nzito yenye tanini nyingi hupoteza ladha ikipozwa, ilhali Beaujolais hupendeza ikinywewa kwenye nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Ile changa, Beaujolais Nouveau, huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba.