Takwa na Shela: Amana ya Maji Chini ya Mchanga

Mara mbili kila mwaka watu wa Shela huuvuka mlango wa bahari unaokitenga kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Hungoja maji yajae, kwani hori iendayo Takwa, iliyofungwa na mikoko pande zote, haipitiki kwa chombo bahari ikikupwa. Wakishuka huelekea kwenye kaburi la mnara lenye tarehe ya karne ya 17, wakasoma dua na kuomba mvua. Wanaiomba mbele ya magofu ya mji ambao, kwa mapokeo yao wenyewe, ndiko walikotoka wazee wao. Na katika sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake, mojawapo ni kwamba maji ya visima yaliingia munyu.

Aliyesoma Al-Inkishafi amezoea kuyatazama magofu ya visiwa hivi kama funzo la fahari ipitayo. Takwa yafaa kusomwa pia kutoka upande wa kisima. Mji huo ulistawi baina ya karne ya 15 na ya 17. Ulikuwa na ukuta wa mawe, nyumba za matumbawe na chokaa, na msikiti wa Ijumaa ambao mnara wake umesimama juu ya ukuta wa kibla. James Kirkman aliuchimbua mwaka 1951, na kazi ikaendelea katika miaka ya 1970. Haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa kijiji cha watu wa ibada na biashara, kilichokaa juu ya kiuno chembamba cha ardhi, hori upande mmoja na bahari kuu upande wa pili.

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu kilichowatoa watu wake. Wako wanaotaja mashambulizi ya Waoromo kutoka bara, wako wanaotaja ugomvi na Pate, na wako wanaotaja maji. Hoja hizo hazilazimiki kupingana. Adui wa nchi kavu huzuiwa na ukuta, na watu hustahimili kuzingirwa muda wote wanapokuwa na cha kunywa. Bahari haibishi hodi langoni. Hupenya chini ya misingi, ikapanda kidogo kidogo, mpaka siku moja mwenye kuteka akaonja na kutema.

Jinsi mambo hayo yanavyotokea inaeleweka vyema leo. Mvua inyeshayo juu ya mchanga na matumbawe haikai juu, huzama. Ikifika chini hukutana na maji ya bahari yaliyojaa ndani ya mwamba, nayo, kwa kuwa ni mepesi zaidi, huelea juu yake bila kuchanganyika upesi. Hivyo chini ya kisiwa hufanyika tabaka la maji matamu, nene katikati na jembamba kandokando. Kanuni iliyogunduliwa huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 yasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama mita 40 chini yake. Hesabu hiyo yafurahisha ikisomwa kutoka juu. Ikisomwa kinyume yatisha. Uso wa maji ukishuka kwa sentimita 10 tu kwa sababu ya kuteka kupita kiasi, munyu hatimaye hupanda kwa mita 4. Tena lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo ndoo moja yake yatosha kuharibu ladha ya ndoo thelathini za maji safi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tabaka hilo ndilo kifuu cha watu wa visiwani: ni dogo, na hawana jingine.

Ng'ambo ya pili, Shela ilijaliwa kile ambacho Takwa haikuwa nacho kwa wingi, nacho ni mchanga. Nyuma ya ufuo wake wa yapata kilomita 12 vimepangana vilima vya mchanga, na vilima hivyo ndivyo ghala la mvua. Mchanga hupokea maji, huyachuja, huyashusha polepole, na kuyahifadhi mbali na jua. Visima vilivyochimbwa humo ndivyo vinavyonywesha si Shela peke yake bali na mji wa Lamu, ambao visima vyake vya mitaani vingi ni vya maji ya munyu. Mgeni huuona mchanga ule kama kitu cha kupigia picha. Mwenyeji aliyefunzwa na wazazi wake hujua kwamba anatazama mtungi.

Elimu ya maji katika visiwa hivi haikuishia kisimani. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la maji liliwekewa visamaki vidogo ili vile mabuu ya mbu. Chini kabisa ya birika, katika sakafu yake ya chokaa, lilizamishwa bakuli la kauri ya Kichina, ili maji yakipungua au birika likisafishwa, samaki wapate pa kujisitiri wasife. Bakuli lililovuka bahari ya Hindi kwa thamani yake likawa nyumba ya samaki, na samaki wakawa walinzi wa maji. Katika vijiji vya Pate na visiwa vya jirani, ambako visima vingi havinyweki, wakajenga jabia: sakafu pana inayopokea mvua na kuielekeza katika tangi. Jabia lina adabu zake. Sakafu hufagiwa kabla ya masika, mbuzi na punda huzuiwa kuikanyaga, na mvua ya kwanza huachwa iende zake kwa kuwa ndiyo inayoosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kijiji kinachozisahau adabu hizo hunywa kile kilichokuwa sakafuni.

Hata hivyo, elimu hiyo ya kale ilitegemea zaidi macho, pua na ulimi. Munyu hujitangaza. Uchafu mbaya kuliko wote hauna ladha. Maji yaliyo maangavu, baridi na matamu kinywani yaweza kubeba kipindupindu au homa ya matumbo bila dalili yoyote. Pwani hii ililijua jambo hilo kwa machozi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichofuatilia njia ulizopitia ugonjwa huo, za misafara ya bara na za majahazi. Watu waliokufa hawakuwa wamekunywa maji yaliyowachukiza.

Hapo ndipo mambo ya Takwa yanapoigusa Shela ya leo. Mchanga huchuja vijidudu kwa sharti moja: upewe muda na masafa. Maji yanayotoka juu ya kilima yakapita taratibu hadi kisimani hufika yakiwa safi. Maji yanayotoka katika shimo la choo lililochimbwa hatua chache kutoka kisimani hayana muda huo. Tangu mji wa kale wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, thamani ya ardhi ya Shela imekuwa ikivutia majumba na nyumba za wageni, na kila jengo huja na mambo mawili: pampu inayovuta na shimo linalorudisha. Mchanga unaochotwa kwa ujenzi hupunguza unene wa chujio. Kilima kilichosakafiwa hakipokei tena mvua. Aidha gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na bandari huleta watu, na watu huleta kiu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo, katika kisiwa kidogo, haitimizwi kwa bomba peke yake, kwa maana bomba hupeleka tu kile kilichomo kisimani. Inatimizwa kwa kuacha vilima bila kujengwa, kwa kuteka katika visima vingi kidogo kidogo badala ya kukikamua kimoja, kwa kuvitenga vyoo mbali na visima, na kwa kupima maji kila msimu, munyu wake na vijidudu vyake, hata yanapokuwa matamu. Hayo si mambo ya wageni. Ni adabu ya birika na ya jabia, iliyoongezewa kipimo cha kile ambacho ulimi hauwezi kukionja.

Mji wa Takwa haukuanguka kwa siku moja. Kisima chake kilibadilika ladha mwaka baada ya mwaka, na bila shaka palikuwa na waliosema kwamba masika yajayo yatakirekebisha. Wajukuu wao wangali wanavuka na kuomba mvua kaburini, na dua ni jambo jema. Lakini mvua ikishakuja haichagui pa kuanguka. Kuipokea, kuihifadhi na kuitunza isichafuliwe ni amana iliyoachiwa walio juu ya mchanga, kwa ajili ya watakaokuja kuteka baada yao.