Unampenda Mitski? Soma Hii Kwanza Kabla Hujasema Ni Wako

Kama umewahi kujipata saa nane usiku umekodolea dari macho, ukirudia ngoma moja ya dakika mbili mara ya kumi, kuna uwezekano mkubwa hiyo ngoma ilikuwa ya Mitski. Karibu. Mko wengi, na wengi wenu mnampenda huyu msanii vibaya. Hiyo "vibaya" iko na maana mbili na zote tutazifikia.

Hii stori ni ya wasee aina mbili. Kuna wewe umemjua juzi kupitia TikTok na unataka kujua rada, na kuna wewe umekuwa ukimskiza tangu uko shule ya upili na unadhani hakuna kitu unaweza ambiwa.

Huyu ni nani?

Mitski alizaliwa Japani mwaka wa 1990, mama Mjapani, baba Mmarekani. Kazi ya mzee ilikuwa inawahamisha kila mara: Uturuki, Uchina, Malaysia, Jamhuri ya Czech, hadi hapa kwa jirani, DR Congo, kabla ya yeye kutulia Marekani. Kama wewe ni mtoto wa polisi ama wa mwalimu aliyekuwa anapewa uhamisho kila saa, leo Kitale kesho Garissa, hayo maisha unayajua. Kila shule wewe ndio mgeni, na venye unaongea ndio kichekesho cha wiki. Yeye hujieleza kama nusu Mjapani nusu Mmarekani, lakini si mzima wa upande wowote.

Hiyo ndio imebeba "Your Best American Girl" ya 2016. Dem amependa kijana ambaye ni Mmarekani kabisa, na anajua venye amelelewa na venye huyo chali amelelewa haviwezi kukaa nyumba moja. Gitaa inaanza polepole kama mtu anajiongelesha, halafu korasi ikifika ni kama transfoma imelipuka mtaani. Usiskize hiyo ukiwa umeachwa wiki hiyo hiyo. Nimekuonya.

Kwa muziki hakuanza na gitaa. Aliingia Hunter College pale New York kusomea filamu, akahama akaenda Purchase kusomea muziki. Albamu zake mbili za kwanza, Lush (2012) na Retired from Sad, New Career in Business (2013), zilikuwa kazi za shule: piano mbele, na kwa hiyo ya pili okestra ya wanafunzi nyuma. Huko ndiko alikutana na Patrick Hyland, prodyuza ambaye wamefanya kazi pamoja miaka yote. Baada ya shule hakuna tena okestra ya bure, so 2014 akashika gitaa na akatoa Bury Me at Makeout Creek. Hilo jina limetoka kwa katuni za The Simpsons, kwa hivyo usijisumbue kutafuta huo mto kwa ramani. Puberty 2 ikafuata 2016, ndio ile ya transfoma.

Uanzie wapi?

Wengi wameingia kupitia "My Love Mine All Mine". Sio kosa lako, kila mtu aliiskia. Lakini ukitaka kumjua, anza na Be the Cowboy ya 2018. Ngoma 14, dakika 32. Yaani ukitoka Rongai kwenda tao na jam ile ya kawaida, unaiskiza yote mara mbili na bado hujafika Bomas. Pitchfork waliichagua albamu bora ya mwaka huo, na mara hiyo moja wacha tukubaliane nao.

Jina lenyewe lilianza kama utani wa kujipa nguvu. Mitski alikuwa ameona anaomba msamaha kila mahali, hata kwa vitu hajakosea, halafu akajiuliza: cowboy wa zile filamu za zamani angeingia hapa aje? Angesukuma mlango na akae chini kama mwenye nyumba. So wanawake wa hizo ngoma ni watu wamejikaza nje na ndani wanabomoka. Mmoja ni wa ndoa iliyopoa, mwingine anarudi kwa mtu anajua hamfai. Usidhani ni shajara yake. Hii ndio kitu mashabiki wengi hukataa kabisa kuelewa: anatunga. Anaandika wahusika kama mwandishi wa riwaya, na amesema mara nyingi kuwa watu wakichukulia kila mstari kama siri yake ya chumbani, ni kama wanamnyima sifa ya kazi yake.

Kuna moja ilianza kwa maisha kweli, "Nobody". Alikuwa Malaysia peke yake wakati wa likizo, katikati ya ziara, hakuna mtu anajua, na upweke ukamkalia hadi akawa anarudia neno hilo moja tu. Alivyorudi kazini akachukua yale machozi akayawekea mdundo wa disko. Ndio maana unaweza icheza kwa sherehe na hakuna mtu atashtuka, isipokuwa yule mmoja amesimama karibu na friji akiwa na macho mekundu.

Kutoka hapo rudi nyuma kwa Puberty 2, halafu ruka hadi The Land Is Inhospitable and So Are We ya 2023. Hii aliirekodi Nashville na Los Angeles, na okestra ikarudi, safari hii ya kulipwa, na kwaya juu. Mimi nashikilia hii ndio kazi yake bora na niko tayari kubishana na mtu yeyote. Laurel Hell ya 2022, ile ya vinanda vya umeme vya miaka ya themanini, ni poa, lakini unaskia mtu amechoka. Na alikuwa amechoka kweli. Hapo ndipo stori inakaza.

Mwaka aliingia mitini

Katikati ya 2019 Mitski alitangaza kuwa shoo yake ya Septemba pale Central Park, New York, ndio ya mwisho kwa muda usiojulikana. Mashabiki wakapandwa na wazimu. Akaeleza kuwa haachi muziki, ila amekuwa barabarani miaka zaidi ya mitano mfululizo bila mahali pa kuita nyumbani, na akikaa hivyo atasahau yeye ni nani bila hiyo kazi. Alipiga shoo, akafunga akaunti zake, akapotea. Baadaye alikiri kwa mahojiano kwamba moyoni alikuwa amemaliza kabisa. Kilichomrudisha kiasi ni mkataba: lebo ilikuwa bado inadai albamu moja.

Sasa angalia hii. Akiwa amezima simu, ndio ngoma zake zikalipuka. Janga la korona likafungia dunia kwa keja, na watoto wa TikTok wakagundua "Nobody" na "Washing Machine Heart". Kulikuwa na zile video za watu wakianza kukimbia kana kwamba wanatoroka filamu ya maisha yao. Mamilioni ya watu wakaunda Mitski wao, malkia wa huzuni, dada mkubwa anayejua kila kitu chako, na mwenye jina hakuwa kwa chumba. Aliporudi Oktoba 2021 na "Working for the Knife", wimbo wa mtu anayefanya kazi chini ya kisu, alipata kikao kizima kimeshaamua yeye ni nani.

Amejaribu kuwaambia. Kuhusu lile jina la "msichana mwenye huzuni" alisema lilishachosha miaka mingi iliyopita na liwachwe lipumzike. Kuna mahali pia amejifananisha na shimo jeusi ambalo kila mtu anakuja kutupa mizigo yake, mapenzi na chuki pia. Jiweke hapo kidogo. Wewe rafiki yako mmoja akikutumia sauti ya dakika saba akilia kuhusu eks wake, unaiskiza kesho. Yeye anatumiwa na watu hajawahi kuona, kila siku, na wote wanaanza na "wewe tu ndio unanielewa".

Ile vita ya simu

Februari 2022 ziara ya Laurel Hell ilikuwa imeanza tu. Kwa akaunti yake ya Twitter, ambayo inaendeshwa na timu yake, yeye akaandika ombi: tafadhali msirekodi ngoma nzima nzima ama shoo nzima. Picha hapa na pale sawa. Lakini akiangalia chini na kuona skrini pekee, anahisi ni kama waliopo jukwaani wanaliwa kama bidhaa, badala ya wote kuwa kwa wakati mmoja pamoja.

Ombi la heshima kabisa, ama? Manze, watu waliwaka. Wengine walisema wako na matatizo ya kumbukumbu ama ya akili na video ndio huwasaidia kubaki na usiku huo. Wengine wakasema wamelipa, kwa hivyo wafanye wanavyotaka. Ujumbe ukafutwa.

Hao wa kwanza siwezi wacheka, kuna ukweli hapo na yeye mwenyewe hakupiga simu marufuku. Hao wa pili ndio shida. Tiketi inakununulia kiti na masaa mawili ya sauti. Haikununulii mtu. Na shoo za Mitski hasa ndio za kuangalia na macho yako, ju zile miondoko yake si za kubahatisha: amezipanga na Monica Mirabile, msanii wa maonyesho ya mwili, na ziko karibu na mchezo wa kuigiza kuliko densi. Ziara ya Be the Cowboy alikuwa na meza na kiti pekee, na kwa hivyo vitu viwili alijenga usiku mzima. Ya Laurel Hell kulikuwa na mlango. Umekatwa kisehemu cha sekunde kumi na tano kwa simu, huo mlango hauna maana yoyote.

Ugonjwa haukuishia hapo. Kwa ziara zilizofuata, wimbo ukishuka hadi kimya, kuna mtu anapayuka mzaha wa mtandaoni kutoka nyuma ili achekwe. Huyo mtu pia atakuambia yeye ni shabiki sugu.

Kumpenda ukiwa huku

Wewe na mimi hatuna hiyo shida ya kurekodi shoo, ju shoo zenyewe ziko kwa wenyewe. Rock hapa Kenya imekuwa na watu wake kitambo. Zamani Nairobi ilikuwa na stesheni nzima ya rock, XFM, na bendi kama Parking Lot Grass na Murfy's Flaw zimechapa gitaa hapa hapa. Lakini mtaani bado ukicheza gitaa yenye kelele, mtu atauliza kama umeingia dini ya shetani. Ukicheza Mitski atauliza nani amekufa.

So ushabiki wa huku ni wa bando na usiku, na nadhani uko na faida moja ambayo hatujaiona. Hauwezi kumfuata hotelini ama kumrushia kitu jukwaani. Umebaki na ngoma zenyewe, na ngoma ndio kitu alisema anataka kupeana. Chukua albamu nzima kwa mpangilio wake badala ya kuruka hadi ile moja unajua. Angalia venye anakataa kurudia korasi, venye "Geyser" inapanda tu na haishuki, venye wimbo unakatika wakati wewe ndio umeanza kuuzoea. Ukitaka kumpa doh kidogo, albamu zake ziko Bandcamp na unaweza nunua faili moja kwa moja bila kungoja sahani isafirishwe hadi Nairobi kwa bei ya kodi ya nyumba.

Na ukiwa unapitia kitu kizito, skiza, lia, ni sawa, ngoma ni za hiyo. Halafu piga simu kwa mtu mwenye anaweza kuja kwako na mkate na maziwa. Yeye hawezi, hajui jina lako.

Saa hii mambo iko aje?

Mambo ni makubwa kuliko zamani zote. "My Love Mine All Mine", dakika 2 na sekunde 17, ndio ilimwingiza kwa chati ya Billboard Hot 100 mara ya kwanza, 2023, ikafika nambari 26, na ikakaa kileleni kwa chati ya TikTok ya hao hao Billboard. Spotify imeshapita mara bilioni moja. Kabla ya hapo alikuwa ameteuliwa kwa tuzo za Oscar za 2023 kwa "This Is a Life", wimbo wa filamu ya Everything Everywhere All at Once, akiwa na David Byrne na Son Lux. Wimbo wa mapenzi ndio umemfikisha hapo juu, na ujumbe wake ni kwamba mapenzi ndio kitu pekee mtu anamiliki kweli duniani. Waliomskiza vizuri hawakushangaa.

Na lile suala la kurekodi? Lilipata jibu la aina yake. Shoo za 2024 pale Fox Theatre, Atlanta, zilipigwa na kamera za kazi, kwa mpangilio wake, viti viwili jukwaani na bendi imemzunguka. Ikatoka kama filamu, Mitski: The Land, ikaingia sinema 2025, na albamu ya shoo hiyo pia iko. Itafute, uzime taa za keja, na simu uweke kwa chaja chumba kile kingine.