Pengo la Meno Sita

Tangazo la meno ya kupandikiza huwa na picha mbili. Kushoto pengo, kulia tabasamu. Pengo ni aibu, tabasamu ni ushindi. Sasa sisi watu wa ziwa tuna shida na hiyo picha, kwa sababu babu zetu walipata pengo lao kwa makusudi, na walilionea fahari.

Ni meno sita ya mbele, ya chini. Kwa Dholuo kitendo chenyewe kinaitwa nak, na fundi wake ni janak. Kijana, wa kiume au wa kike, aling'olewa kwa kipande cha chuma, bila ganzi, na hakutarajiwa kulia. Majirani wetu Wanandi na Wamaasai walitoa mawili ya katikati. Sisi sita. (Najua mtasema Mjaluo hajui kufanya kitu kidogo.)

Ukiuliza sababu, wazee wengi watakwambia pepopunda: taya zikikaza, mgonjwa apitishiwe uji kwenye pengo. Inawezekana, lakini mimi hainitoshi. Uji unapita hata pengo la jino moja, sita za nini? Mimi naona ilikuwa alama. Ukifungua mdomo tu, watu wamejua wewe ni wa wapi, na kwamba umeshavumilia. Wale wanaotutukana kila uchaguzi ati hatukuwa na jando wangekaa hapo chini dakika mbili na janak, halafu tuongee.

Halafu mambo yakabadilika haraka sana. Reli ilifika Kisumu 1901. Mwaka wa 1906 Waanglikana walianza Maseno, na mwaka huohuo Waadventista wakaanza Gendia, kule Kendu Bay. Wamisionari waliona nak ni ushenzi. Polepole mdomo uliojaa meno ukawa alama ya msomi na mkristo, na pengo likawa la watu wa zamani. Yaani alama ilibaki palepale mdomoni, ila maana yake iligeuzwa juu chini. Kizazi cha wazazi wetu karibu wote wana meno yao.

Wakati huku nak inaisha, kule Uswidi daktari Per-Ingvar Brånemark aligundua, 1952, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba chuma cha titani kinashikana na mfupa hadi hakitoki. Mwaka wa 1965 alimwekea mtu wa kwanza, Gösta Larsson, skrubu nne kwenye taya la chini. Larsson alikufa 2006 akiwa bado nazo.

Kwa hivyo mjukuu mwenye pesa leo anaweza kumwambia babu, twende mjini tukujaze hilo pengo. Si rahisi vile tangazo linasema. Mfupa wa taya unaishi kwa kazi. Jino likitoka, mfupa uliolishika unaanza kupungua, na babu ameishi bila hayo meno zaidi ya miaka sitini. Daktari lazima apige picha aone kama kuna mfupa wa kushika skrubu, na usipotosha, uongezwe kwanza. Habari njema ni kwamba meno sita hayahitaji skrubu sita. Chache zinaweza kubeba daraja lote. Bei bado ni ya kuuza ng'ombe.

Na sisemi mtu asijaze. Ndugu zetu wa mbali, Wadinka na Wanuer waliokimbia vita vya Sudan wakafika Nebraska, Marekani, nao waling'olewa meno ya chini utotoni. Baadhi yao walipandikizwa mapya huko. Nyumbani pengo liliwatambulisha. Nebraska lilifanya watu wawashangae, na kula na kutamka Kiingereza kukawa kazi. Hao siwezi kuwaambia wamesaliti mtu. Mdomo ni wao.

Kinachoniuma ni babu kujaziwa kwa sababu wajukuu wanaona haya na picha za harusi. Muulize kwanza kama yeye mwenyewe anataka. Na akikubali, kabla hajakalia kile kiti cha daktari, washa simu umrekodi: nani alikuwa janak wake, alimng'olea wapi, nani walikuwa pamoja naye siku hiyo, na nani kati yao alilia.