Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa

Hifadhi hii ya Tanzania, yenye kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Morogoro na Iringa, ilianzishwa mwaka 1992. Anayetaka kutazama wanyama akiwa garini amekosea njia: humu ni kutembea kwa miguu.

Wageni wengi huanzia Mang'ula, hupiga hema huko, kisha hupanda hadi maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka takribani mita 170 kwa ngazi tatu. Manyunyu huloanisha mawe, hivyo makubazi hayafai hata kidogo.

Mitini kuna mbega wekundu na mangabe wa Sanje, kima asiyepatikana nje ya milima hii. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani.